Pimbi Asiye na Msimamo

— Mmekaa?
— Tumekaa!
— Na masikio yamekaa?
— Yamekaa, tena yameoshwa!
— Basi niwape?
— Tupe, lakini usiongeze chumvi!
— Nitaongeza, maana hadithi yenyewe ni ya chumvi.

Palikuwa na ziwa pana, pana hata aliyesimama ng'ambo hii hamwoni aliyesimama ng'ambo ile. Katikati palikuwa na kisiwa kidogo, na juu ya kisiwa palikuwa na jiwe la chumvi kubwa kama nyumba. Chini ya jiwe, ndani ya ufa, aliishi Mama Pimbi na watoto wake saba. Marehemu mjomba wetu Shekuwe alikuwa akisema sita. Ni saba. Bibi, aliyenipa hadithi hii, aliwataja mmoja mmoja, na wa mwisho aliitwa Chubwi.

Mashariki ya ziwa alitawala Kiboko. Magharibi alitawala Nyati. Wenyewe walisema ni binamu, na kwa ukubwa wao hakuna aliyethubutu kuuliza kivipi. Zamani babu yake Nyati aliishi upande wa Kiboko, akachoka kuinama mbele ya kigoda cha mkubwa, akaogelea ziwa zima akaanza maisha mapya. Tangu hapo ukoo huo ulipendana sana, kwa mbali.

— Kama Ulaya na Marekani!
— Mimi nasimulia wanyama, Sikudhani. Ulaya hakuna kiboko. Kaa kitako.

Kiangazi kimoja chumvi ikaisha pande zote mbili. Maji yakapungua, njia ya mchanga ikatokea huku na huku. Kiboko akaja kutoka mashariki: ndi! ndi! ndi! Nyati akaja kutoka magharibi: gudu! gudu! gudu! Wakakutana mlangoni kwa Mama Pimbi.

"We kafupi," akasema Nyati, "hama. Jiwe hili tunaligawana."

"Kabla jua halijatua," akaongeza Kiboko. "Tafadhali."

Watoto saba wakajibanza nyuma ya mama yao. Mama Pimbi akatazama juu. Tai wawili walikuwa wanazunguka, polepole, kama wageni wanaosubiri sahani. Pimbi nje ya ufa wake hafiki mbali.

"Nimesikia, waheshimiwa," akasema. "Lakini desturi ya ziwa mnaijua. Hakuna kumtoa mtu nyumbani kwake mpaka aambiwe, kwa sauti moja, anatolewa kwa sheria gani. Tena sheria iandikwe. Na mvua ya kwanza ikinyesha, hakuna kuhamishana mpaka kiangazi kingine."

"Kazi ndogo," akasema Kiboko. "Mimi ni mtunza desturi. Unahama kwa desturi ya mababu."

"Hata mimi natunza desturi!" akasema Nyati. "Binamu! Kumbe tuko pamoja!"

Wakakumbatiana mpaka kisiwa kikalalia upande.

Mama Pimbi akachukua kipande cha mkaa. Kwaru-kwaru, akaandika kwenye mwamba: *Kwa desturi ya mababu.* Kisha akauliza, "Desturi ipi hiyo, nimalizie mstari?"

"Inajulikana," akasema Kiboko. "Pana kigoda, na juu ya kigoda pana mkubwa. Anayeumwa anaingia dimbwi la dawa, dimbwi la wote, bila kuulizwa kitu. Na kila mtu anapanga foleni."

Nyati akaruka kama amekanyaga moto. "Kigoda? Babu yangu aliogelea siku tatu kukimbia kigoda! Desturi yetu ni hii: hakuna mkubwa, kila mtu na boma lake, na anayeumwa ajilambe mwenyewe!"

"Huo ni uasi!"

"Ndiyo! Na uasi ndiyo desturi yetu, tumeitunza vizuri sana!"

"Nifute?" akauliza Mama Pimbi.

"Futa!"

Fyu-fyu, akafuta. Jua likatua, na kwa kuwa hapakuwa na sheria, Mama Pimbi akalala kwake.

Siku ya pili Nyati akaamka na wazo. "Tuandike uhuru. Nani asiyependa uhuru?"

"Mimi naupenda mno," akasema Kiboko.

Kwaru-kwaru: *Kwa jina la uhuru.* "Uhuru upi, nimalizie mstari?"

"Uhuru wa kweli," akasema Nyati, "si kama wa wale wa kwangu wanaojiita wapenda uhuru. Hao nawapiga pembe kila asubuhi. Wanataka dimbwi la dawa liwe la wote!"

Kiboko akashangaa. "La wote? Mbona hao ni watunza desturi safi! Wapenda uhuru wa kwangu wanataka dimbwi lifukiwe, kila mtu ajichimbie lake. Nawang'ata kila jioni."

"Unawang'ata ndugu zangu?"

"Na wewe unawapiga pembe wa kwangu!"

Wakatazamana. Kila mmoja aliona mbele yake, mzima mzima, yule anayemwadhibu nyumbani kila siku.

"Nifute?"

"Futa!"

Fyu-fyu.

Siku ya tatu, kwaru-kwaru, fyu-fyu. Siku ya nne, kwaru-kwaru, fyu-fyu. Siku ya tano mwamba ulikuwa mweusi tii, na mkaa ulibaki mdogo kama jino. Tai walikuwa hawajaondoka. Upande wa mashariki Mama Pimbi aliona wingu, dogo tu, la kutosha kofia.

"Waheshimiwa," akasema, "kichwa changu ni kidogo, maneno hayakai. Nionyesheni kwa vitendo. Nikiona maisha gani ni mazuri, nitaandika ya huyo, na mwenzake atakubali tu."

"Tazama hapa!" akasema Nyati.

Akakata miiba, akaisuka, akajizungushia boma. Chaka! Chaka! Likawa refu, likawa nene.

"Mlango uko wapi, bwana Nyati?"

"Mlango wa nini? Mlangoni ndimo wakubwa wanamoingilia!"

Boma likakamilika. Nyati akawa ndani, huru kabisa. Jiwe la chumvi likabaki nje.

Kiboko akacheka, akachora mstari mchangani, akasimama nyuma ya mstari, akatulia. Asubuhi ikapita. Mchana ukapita.

"Mzee Kiboko, mbona hulambi chumvi? Uko peke yako."

"Sijaitwa, bibie."

"Anayeita ni nani?"

"Mwenye kigoda."

"Mwenye kigoda ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi jiite."

Kiboko akamtazama kwa huruma. "Niko foleni, mama. Nikijiita mwenyewe utakuwa upendeleo."

Ikawa hivyo. Mmoja bomani, mmoja foleni. Watoto saba wa Mama Pimbi wakatoka ufani wakalamba chumvi chini ya kivuli cha Kiboko, na tai hawakuthubutu kushuka.

Mama Pimbi akaenda kwenye boma. "Bwana Nyati, tumbo linanguruma nalisikia. Nikutolee miiba miwili?"

"Usiguse! Nikisaidiwa mara moja, kesho mtanijengea kigoda!"

Lile wingu likawa mawili. Mawili yakawa mbingu nzima. Krrr... krrr... ngurumo! Tone moja likaanguka puani kwa Chubwi: to! Kisha shwaaa, mvua yote.

"Imenyesha!" wakapiga kelele watoto saba. "Hakuna kuhamishana!"

Ziwa likajaa, njia za mchanga zikazama. Boma la Nyati likang'oka, likaelea kuelekea magharibi, naye akiwa ndani, akitangaza kwa samaki kwamba safari hii ameichagua mwenyewe. Kiboko akaogelea kurudi mashariki, taratibu, akiacha nafasi mbele yake kwa aliyetangulia, ingawa hapakuwa na aliyetangulia.

Kutoka mbali sauti zikasikika juu ya maji.

"Binamu!"

"Naam, binamu!"

"Umemwona yule Pimbi? Desturi akaandika, uhuru akaandika!"

"Tukasema futa, akafuta!"

"Hana msimamo!" wakasema wote wawili.

Hiyo ilikuwa mara yao ya kwanza kusema kwa sauti moja. Mvua ilikuwa imeshanyesha.

— Sasa nani alikuwa na haki?
— Bibi hakusema, Sikudhani, nami siwezi kumsemea.

Lakini funzo alilisema, na nalitoa kama lilivyo. Wanangu, mtu awe na msimamo. Kiboko alikuwa nao, akauheshimu mpaka njaa ikamkondesha. Nyati alikuwa nao, akafika kwao akiwa ndani ya kichaka. Msije mkawa kama yule Pimbi, aliyeishi bila msimamo wowote. Mtazameni hata leo: hana kitu, masikini, isipokuwa nyumba, chumvi, na watoto wake saba.

Nilipoikuta hadithi ndipo ninapoiacha. Aliyebakiwa na chumvi mdomoni, mtungi ule pale, anywe maji akalale.