Doa la Oili na Nundu ya Ng'ombe

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni ya juzi tu, maana Korogwe bado wanacheka, palikuwa na fundi magari aitwaye Shekiondo. Alikuwa na binti mmoja, Mwanjaa, na siku hiyo Mwanjaa alikuwa anaolewa.

Mvua ya alfajiri iliangusha turubai la shughuli, uani pakawa tope tupu. Pakabaki mahali pamoja tu pakavu: ndani ya gereji. Basi magari yakasukumwa nje, sakafu ikafagiliwa.

Sasa, mama wa bwana harusi, Bi Hidaya, alikuwa mwanamke wa kunusanusa. Tangu siku ya posa alisema, "Mwanangu anaoa kwenye grisi, haya. Lakini siku ya harusi nikiona tone la oili, tone moja tu, nageuza na mwanangu."

Saa nne asubuhi Shekiondo akaingia gereji kujaribu viatu vyake vipya. Akatembea kwa maringo, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Kisigino kikapiga beseni la oili chafu, likapinduka. Oili ikatandaa katikati ya sakafu, pana kama kitanda cha futi sita.

Mwanjaa akachungulia. Aliketi kizingitini akalia kimya, mikono kainyoosha mbele ili hina isiharibike. Baba mtu kuona vile akachanganyikiwa. Akaapa mbele ya watu: "Atakayeniondolea aibu hii, nundu ya ng'ombe wa shughuli ni yake! Yote!" Kisha akanyakua ndoo ya maji.

"Weka chini hiyo ndoo, wewe!" Alikuwa Bi Semeni, mpishi wa shughuli, mwiko mkononi. "Ukimwaga maji, oili itasambaa mpaka ukutani. Ufundi ulisomea wapi?"

Akaleta majivu makavu ya jikoni, karai baada ya karai, akaifunika oili. Majivu yakanywa. Akazoa uji mweusi, akamwaga mengine, nayo yakanywa. Huku nyuma pilau yake inaungua, na harufu anaisikia, lakini hakuondoka.

Oili ikaisha, utelezi ukabaki.

Akaja Kilua, dobi wa mtaa, na magadi, sabuni ya unga na maji ya moto. Akapiga magoti na brashi yake ya kufulia. Akasugua, akasuuza, akasugua tena, mpaka suruali yake ya pekee ya harusi ikatoboka na magoti yakachubuka.

Utelezi ukaisha, doa likabaki. Jeusi, kubwa kama sinia, katikati kabisa. Wakalifunika kwa mkeka, lakini oili iliyokuwa imenyweka kwenye simenti ikapanda, mkeka nao ukaanza kupata doa. Na vigelegele vya upande wa mume vimeshafika barabarani!

"Nipisheni," akasema Bibi Mwanamvua, mama mkwe wa Shekiondo, kikongwe asiye na breki mdomoni. Alikuwa amevaa kanga alizoachiwa na marehemu mumewe, siku hiyo ndiyo mara ya kwanza. Akaketi juu ya doa, pwaa!

Ndoa ikafungwa, Bibi kaketi. Watu wakala, Bibi kaketi. Mkojo ukambana, Bibi kaketi. Bi Hidaya akaja. "Simama, Bibi, tukumbatiane."

"Inama wewe. Makalio yangu yakishatua, yametua."

Watu wakaangua kicheko. Bi Hidaya akainama, akakumbatia, akakagua kila pembe, hakuona kitu. Akamchukua mkwewe, akaenda zake anatabasamu.

Ndipo nundu ikaletwa, inachuruzika mafuta. Mikono mitatu ikashika sinia.

"Oili nimeiondoa mimi," akasema Bi Semeni. "Hawa wamekuta mabaki. Na kwa ajili yenu mji mzima sasa unaniita Semeni Ukoko."

"Majivu yako yaliacha utelezi," akasema Kilua. "Shehe angeanguka miguu juu kabla hajafungua kinywa. Tazameni magoti yangu!"

"Bi Hidaya alikuja kutafuta utelezi?" akauliza Bibi Mwanamvua. "Alikuja kutafuta doa. Nalo nyote mlilishindwa."

"Kukalia si kusafisha, Bibi!"

"Nani kasema kusafisha? Kiapo kilisema kuondoa aibu. Na kanga za mume wangu ndizo zilizoibeba."

"Doa la futi sita ungeweza kulikalia?" akauliza Bi Semeni. Bibi akalivuta sinia upande wake.

Shekiondo akashika kisu. "Basi niwagawie vipande vitatu."

"Uliapa yote!" wakamfokea kwa pamoja.

Haya, nyinyi mnaomeza mate hapo, msiniangalie mimi. Kisu kimesimama hewani na nundu inapoa. Bi Semeni, Kilua, au Bibi Mwanamvua: je, nani alistahili kupewa nundu?