Nguchiro na Kitabu cha Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na nyumba zao na shule yao, Nguchiro alirudi kwake akamkuta bintiye Tunu sakafuni, povu mdomoni. Kando yake ilikuwa chupa ya dawa ya kuulia kupe, imeandikwa SUMU.

Tunu aliponea chupuchupu. Alipopata nafuu, mama akamwuliza, "Uko darasa la tatu, mwanangu. Neno hili hukuliona?"

"Nililiona, mama. Hatujafundishwa. Halimo kitabuni."

Nguchiro akawaka hasira.

Miaka mitatu sasa, kila mkutano wa wazazi ulikuwa wa ubishi. Mwalimu Mkuu Kiboko alitaka watoto warudie sentensi nzima nzima baada yake. Mwalimu Nyati alitaka waanze na silabi, ba, be, bi. Wakabishana mate yakiwaruka, na Kiboko akashinda kwa kuwa ndiye mkubwa.

Nguchiro ndiye aliyeshona vitabu vya shule vilivyochanika. Kilipoletwa kwake kitabu kikubwa ambacho Kiboko alikisomeshea darasa zima, akaacha jalada na picha. Maneno akayaandika mapya.

Siku ya mkutano akasema kwa upole, "Mwalimu Mkuu, tuonyeshe watoto wanavyosoma, ili wabishi wanyamaze."

Kiboko akavimba kichwa. Akafungua kitabu, akagonga neno baada ya neno kwa fimbo: ta, ta, ta. Watoto wakaimba, "Baba analima shamba. Mama anapika uji."

"Hawajakosea hata neno moja," akasema Kiboko.

"Una hakika?"

"Nina macho, mama."

"Basi Mwalimu Nyati atusomee ukurasa huohuo."

Nyati akasogea, akakohoa, akasoma: "Miaka mitatu tumekaa hapa. Kusoma hatujui. Mwalimu Mkuu anatudanganya."

Kiboko akainamia ukurasa. "Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mimi. Nawe umeugonga kwa fimbo yako neno kwa neno, usiuone."

Wazazi wakapiga madawati, pu, pu, pu, mpaka Kiboko akatoka kwa mlango wa nyuma. Nyati akaanza kucheka. "Si nilisema? Silabi…"

"Usicheke," Nguchiro akamkatiza. "Ulijua, ukaishia kubishana. Mwanangu amekunywa sumu. Kesho asubuhi uwe darasani, nami nitakaa dawati la nyuma nikutazame."

Na ninyi wanangu mnaosikiliza, shikeni hili: mtoto anayekariri bado hajasoma, hata akipigiwa makofi.