Tempe Katika Kizimba

Mwiba ni kitu kidogo. Ukikuchoma unasema aa, utatoka wenyewe, unaendelea na safari zako. Lakini wahenga, waliotembea peku kuliko sisi, walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake si ngumu: jambo dogo ulilolipuuza ndilo litakalokulaza kitandani. Na msidhani miiba iko porini tu. Mingine iko ndani ya vyumba vyeupe, sakafu inang'aa unajiona uso, kama kile chumba cha panya wa majaribio pale Yogyakarta, Indonesia, alikofanya kazi binti mmoja, Wuryani.

Wuryani alikuwa msomi, anatafuta shahada ya juu kabisa, ila moyo wake ulikuwa laini kama uji wa mgonjwa. Mama yake alikufa kwa saratani ya titi, naye akaapa kuufuata ugonjwa huo mpaka mlangoni kwake. Profesa Darsono, mzee aliyekuwa karibu kustaafu, akampa kazi. Panya jike walipewa dawa ya kuzusha uvimbe kwenye matiti. Uvimbe ukishaota, nusu yao wangepasuliwa, watolewe ovari. Ovari ndizo zinazotengeneza homoni ya kike, na homoni hiyo, kwa uvimbe wa namna ile, ni kama mbolea kwa magugu. Wuryani alitaka kuona: mbolea ikikatwa, magugu yatanyauka kiasi gani?

Asubuhi ya upasuaji wakafanya karamu ya dua, maana Wajava hawaanzi jambo kubwa bila kula pamoja. Wali wa manjano ukasimamishwa kama mlima, kuku pembeni, na tempe ya kukaanga, ile ya soya iliyochachushwa ikashikana. Na ada ya karamu hiyo ni moja: kila aliyehusika lazima apate fungu lake.

Jioni, mwenzake aitwaye Endah akamkuta Wuryani ameinama juu ya vizimba.

"We Wuryani! Unafanya nini?"

"Nawagawia fungu lao. Karamu tumeifanya kwa ajili yao, halafu wao watafune vidonge vikavu vya chakula chao cha kila siku?"

"Shoga, hiyo ni soya! Soya ina kitu kinachojifanya homoni ya kike. Unadhani kwa nini vidonge vyao vinaagizwa makusudi visiwe na soya?"

"Kipande chenyewe kama ukucha wa mtoto! Wewe nawe, ukiona mjusi unapiga yowe mamba."

Endah akacheka, maana Wuryani alikuwa na ulimi. "Haya, mama huruma. Lakini iwe leo tu."

Haikuwa leo tu. Waliopasuliwa walijikunja pembeni, manyoya yamesimama, vidonge hawavigusi. Wuryani akawa anakuja na tempe kutoka kwa shangazi yake, kaifunga kwenye jani la mgomba. Basi wakainuka, wakaishika kwa vidole vyao vidogo kama watoto wanaokula mkate, wakala. Nani angeona vile asiendelee? Walipopona akaendelea tu, mazoea yana tabu. Tena aliwapa waliopasuliwa peke yao. Wale wazima, wa nini? Hawakuumwa. Na hapo ndipo mwiba ulipozama.

Ikafika siku ya kupima. Uvimbe wa wale waliotolewa ovari, uliotegemewa kusinyaa, kwa wengi wao ulikuwa umekua. Profesa Darsono akapima tena mwenyewe, kisha akapiga makofi kama kijana.

"Mwanangu, njoo uone! Homoni tumeikata, na bado unakua! Kuna kitu kingine kinaulisha. Miaka yote hii, napata hiki nikiwa mlangoni natoka!" Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu makini, akauliza, "Hamkuwapa chochote zaidi ya vidonge?"

Endah akamtazama Wuryani. Wuryani akautazama uso wa mzee, jinsi ulivyofunguka.

"Hapana, Mzee," akasema.

Nje Endah akamshika mkono. "Rudi umwambie sasa hivi."

"Nitamwambia. Mwache afurahi kidogo. Hujaona alivyocheka?"

"Kicheko hicho utakilipa, dada. Na mimi nimeshiriki, nimenyamaza."

Kidogo kikazaa kidogo. Profesa akaenda Surabaya kwenye mkutano wa wataalamu, kavaa batiki yake ya harusi ya mwanawe, akasimama mbele ya watu akaeleza. Wakampigia makofi. Wuryani alikuwa kiti cha nyuma, mikono yake haikugongana hata mara moja.

Waliporudi, mzee akamwita, uso bado unameremeta. "Wenzetu wa Surabaya hawataki kusubiri. Kesho kutwa wanaanza kupasua panya wao, wafuate njia yetu."

Wuryani akawaona akilini wale panya wa Surabaya, wamejikunja pembeni vilevile. Ulimi wake wote ule ukamwishia.

"Mzee, walikula tempe."

"Nani?"

"Waliopasuliwa. Mimi ndiye niliyewapa. Karibu kila siku."

Mzee akavua miwani, akaiweka mezani polepole. Angefoka, angetupa kitu, Wuryani angeshukuru. Hakufoka.

"Kwa hiyo tempe ndiyo iliyoukuza?" Wuryani akauliza, machozi yanamtoka.

"Sijui. Hilo ndilo baya, mwanangu. Huenda ni tempe, huenda siyo. Panya wale walikuwa na jibu, na wewe umewaziba midomo kwa mkono wa huruma."

Kisha akainua simu kupiga Surabaya. Wuryani alisimama pale pale akisikia: "Msianze. Matokeo yetu hayafai... Ndiyo... Kosa ni langu. Ndiyo, langu mimi, chumba ni changu." Jina la Wuryani halikutajwa. Akatamani litajwe.

Panya wale walimalizwa wote, wenye ovari na wasio nazo. Wuryani alikataa kusaidiwa. Kila mmoja alipomshika alikuja mkononi bila woga, ananusa vidole, akidhani ameletewa chakula.

Profesa Darsono alistaafu mwaka uleule, na kwenye kuagwa kwake hakuja hata mtu mmoja wa Surabaya. Wuryani alianza upya na profesa mwingine, akaipata shahada yake, siku hizi watu wanamwita Daktari. Kila Lebaran, ndiyo Idi ya kwao, huenda kumsalimia yule mzee na kumwomba radhi, na mzee humwambia yamekwisha, kaa unywe chai. Hukaa, akanywa. Lakini hakuna anayemsikia tena akikitania kitu kwa udogo wake, kwani amejua kwa macho yake kuwa mdharau mwiba mguu huota tende, na kwamba wakati mwingine mguu wenyewe huwa ni wa mwenzio.