Kiboko Aliyetaka Kila Kisanduku

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa pengo!

Nalo pengo lifanywe nini?

Lijazwe!

Likijazwa uongo?

Tuuonje utamu wake!

Mmeitikia kama watu waliokula makande ya jana. Haya, tutakwenda hivyo hivyo. Na wewe uliyeinua mkono, shusha. Sungura hayumo humu. Kila hadithi Sungura, kila hadithi Sungura, naye ana mwili, apumzike.

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana kompyuta ilikwisha kufika msituni, wanyama walikuwa na chuo chao cha utafiti. Huyu anachunguza majani, yule anachunguza mvua, mwingine anachunguza kwa nini mchwa hawalali. Kazi zao zote ziliwekwa kwenye mfumo mmoja. Ukiufungua unakuta visanduku: jina la utafiti, jina la mtafiti mkuu, ulianza lini, umefikia wapi. Unajaza, unahifadhi, unakwenda zako kula.

Ila mfumo ule uliletwa kutoka mbali, na waliouunda hawakuwajua wanyama wa kwetu. Ndiyo maana akawekwa Bi Nguchiro, mnyama mdogo, mwembamba, mkia mrefu, macho hayatulii. Kazi yake ilikuwa kuongeza visanduku, kupunguza visanduku, na kubadilisha visanduku, mpaka kila mtafiti apate mahali pa kuweka jambo lake.

Twiga akaja. "Bi Nguchiro, mfumo wako hauna mahali pa kuandika nilichokiona kutoka juu."

Ta-ta-ta, ti! Kisanduku kikatoka. Twiga akajaza.

Kobe akaja. "Bi Nguchiro, nikifika kwenye tarehe ya kumaliza, mfumo unagoma."

"Unaandika nini hapo?"

"Naandika polepole."

"Kobe ndugu yangu, pale panataka tarehe."

"Mimi tarehe sina. Nina polepole."

Ta-ta-ta, ti! Kisanduku kikatoka, cha Kobe peke yake: Kazi iko wapi sasa? Kobe akajaza: Njiani. Akaondoka amefurahi. Nadhani mpaka leo hajafika kwake.

Sasa Bi Nguchiro naye alikuwa na utafiti wake. Mume wake alikufa kwa sumu ya nyoka, na alipomaliza kumlilia alisema, haiwezekani pori zima hili likose dawa. Akaanza kutafuta mzizi. Akaumwa mkono, akatafuna mzizi huu, ukamzimisha. Akaumwa pua, akatafuna mzizi ule, ukamtapisha. Akaumwa mkia, akatafuna mzizi mwingine, mchungu ajabu, ukamponya. Ulikuwa unaota juu ya Kilima cha Michongoma, mlangoni pa shimo lake mwenyewe, alimokuwa akilala na watoto wake. Kutafuta kote kule, kumbe dawa iko kizingitini.

Na sheria ya Baraza la Wanyama ilisema hivi: jina lililo kwenye kisanduku cha mtafiti mkuu, mwenye jina hilo ndiye anayekabidhiwa mahali pa utafiti, apatunze. Kwa hiyo kilima kingekuwa cha Nguchiro. Mtu asingemfukuza, wala asingeng'oa mzizi ovyo.

Hapo ndipo anapoingia Kiboko. Enzi hizo Kiboko aliishi nchi kavu, na alikuwa mkurugenzi wa chuo. Nani alimpa ukurugenzi? Hakuna. Alikalia kiti cha mkurugenzi, kiti kikavunjika, ikawa hakuna mwingine wa kukikalia. Utafiti hakufanya hata siku moja. Kula, ndiyo. Na kile kilima kilikuwa na majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Kiboko alikuwa akikitazama huku mate yanamtoka, cho, cho, cho.

Siku Baraza lilipotangaza kuwa litakuja kukabidhi kilima, Kiboko akaenda kwa Nguchiro. Tindi! Tindi! Tindi!

"We Nguchiro. Kisanduku cha mtafiti mkuu kinajazwa nini?"

"Jina la aliyefanya utafiti, Bwana Mkurugenzi."

"Hapa chuoni mkubwa nani?"

"Ni wewe, Bwana Mkurugenzi."

"Basi niandike mimi. Kwenye huo utafiti wa mzizi. Leo."

"Bwana Mkurugenzi, ule ni wangu. Nimeumwa mimi. Na pale kilimani ndipo wanangu wanapolala."

"Watoto wadogo hao watapata shimo popote. Andika, au nikukanyage uandike ukiwa bapa."

Atafanyaje? Ta-ta-ta, ti. Akaandika: Kiboko.

Jioni Nguchiro alirudi kwake, akawakuta watoto wanachezea mizizi mlangoni, akalia. Sitawaficha, alilia kwa sauti, kwa sababu kuibiwa na mtu unayemwamkia kila asubuhi kunauma kuliko nyoka. Alipomaliza kulia, akapata hasira. Hasira ilipopoa, akapata akili. Kwa kawaida hufuatana hivyo, msiharakishe.

Kesho yake akaenda kwa Kiboko, akapiga goti.

"Shikamoo, Bwana Mkurugenzi."

"Marahaba. Unataka nini?"

"Nimekuja kuuliza kazi. Kisanduku cha mtafiti mkuu nimekujaza. Ila mfumo una visanduku vingine vya majina. Kuna cha aliyechimba, kuna cha aliyeandika, kuna cha aliyesimamia. Humo nimweke nani?"

Kiboko akaona wivu. Alimwonea wivu mtu ambaye bado hata hajaandikwa!

"Niweke mimi."

"Vyote?"

"Vyote!"

"Na Baraza limeniagiza niongeze visanduku vingine. Hivyo navyo?"

"Vyote, nimesema! Kila kisanduku cha jina, kilichopo na kitakachokuja, kijijaze chenyewe: Kiboko."

"Labda, Bwana Mkurugenzi, ungevisoma kwanza..."

"Mimi mkurugenzi. Sisomi. Nasomewa."

"Sawa. Na akija mtu kutaka kufuta jina lako?"

"Asiweze! Funga kabisa."

"Hata wewe mwenyewe usiweze?"

"Nilifute jina langu mwenyewe, mimi nina wazimu?"

"Hapana, Bwana Mkurugenzi, nauliza tu. Basi kanyaga hapa, mfumo ujue ni amri yako."

Kiboko akakanyaga. Puu! Meza ikabonyea. Amri ikaingia.

Nguchiro akakaa kwenye kompyuta. Ta-ta-ta, ti! Kisanduku kikatoka, kikajijaza: Kiboko. Ta-ta-ta, ti! Kingine kikatoka, kikajijaza: Kiboko. Vingine vilikuwa vya Baraza kweli. Vingine, mimi sijui viliagizwa na nani, msiniulize.

Siku ya Baraza ikafika. Mwenyekiti alikuwa Mzee Tembo. Pembeni yake kuliwekwa kapu, na ndani ya kapu amelala Swila, yule nyoka mwenye sumu. Kiboko alipoliona alidhani ni kapu la chakula, akakaa jirani nalo.

Mzee Tembo haoni vizuri karibu, kwa hiyo yeye akauliza na Twiga akasoma kwenye kompyuta. Nyie mtakuwa Twiga. Nikiuliza, mjibu. Na safari hii msijibu kama wagonjwa.

"Mtafiti mkuu?"

Kiboko!

Kiboko akatabasamu, meno yote nje.

"Aliyechimba mizizi?"

Kiboko!

"Aliyeumwa pua akitafuta dawa?"

Kiboko!

Kiboko akaigusa pua yake. Ilikuwa nzima.

"Aliyekula mihogo iliyowekwa kwa ajili ya wageni?"

Kiboko!

"Hilo hata bila mfumo tunalijua," akasema Mzee Tembo. Watu wakacheka, kwa kwa kwa.

"Aliyevunja kiti cha mkurugenzi?"

Kiboko!

"Nani huyu aliyeandika upuuzi?" Kiboko akafoka.

"Subiri, mwanangu, tuko karibu kumaliza. Baraza lina desturi yake mpya, kwa sababu mwaka jana tulipokea dawa ya mafua, kumbe ni matope. Siku hizi dawa lazima ijaribiwe mbele yetu, na mtafiti anaandika ni nani atakayejaribiwa nayo. Haya, Twiga. Atakayeumwa na Swila leo hapa mbele ya Baraza?"

Semeni kwa nguvu!

KIBOKO!

Kapu likafunguka, sssss, Swila akainua kichwa, akamtazama Kiboko kutoka pua mpaka mkia.

"Ni huyu?" akauliza. "Mbona mkubwa hivi? Nianzie wapi?"

"Ngojeni!" Kiboko akasema. "Kuna makosa. Nguchiro, futa jina langu!"

"Bwana Mkurugenzi, halifutiki."

"Nani aliyesema lisifutike?"

Twiga akainama kwenye kompyuta. "Kipo kisanduku chake. Aliyeagiza majina yasifutike: Kiboko."

Swila akatambaa. Sssss. Kiboko akarudi nyuma. Swila akatambaa tena. Kiboko akarudi tena.

"Mzee wangu, mimi si mtafiti!"

"Mfumo unasema ndiwe."

"Huo mzizi wenyewe siujui! Sijawahi hata kuuona!"

"Sasa utafiti ni wa nani?"

"Wa Nguchiro! Ni yeye aliyeumwa! Mimi nilitaka majani!"

"Rudia. Masikio ninayo makubwa, ila napenda kusikia mara mbili."

"Wa Nguchiro! Wa Nguchiro! Jamani, mshikeni huyo nyoka!"

Hakuna aliyemshika. Swila akapanua shingo. Kiboko akageuka, akatimua mbio. Tindi-tindi-tindi-tindi! Akapita kwenye miba, akapita kwenye viti vya wageni, akafika mtoni, chubwi! Akazama. Yakabaki mapovu, blu, blu, blu.

Mzee Tembo akashusha pumzi. "Mmesikia wote. Lakini desturi ni desturi. Dawa bado haijajaribiwa. Nani ataumwa?"

"Mimi," akasema Nguchiro.

Msidhani hakuogopa. Sumu haizoeleki. Aliwatazama wanawe, akashika kipande cha mzizi, akasogea mbele. Swila akamuuma begani, chap! Nguchiro akatafuna. Macho yakamlegea. Miguu ikamtetemeka. Akaanguka, na watoto wake wakaanza kulia, "Mama! Mama!" Hata Swila aliangalia pembeni. Mzee Tembo akasimama, akakaa, akasimama tena.

Halafu Nguchiro akapiga chafya. Chyaa! Akakaa, akajikuna bega, akauliza kama ile mihogo ya wageni imebaki hata kidogo.

Shangwe iliyopigwa hapo, majani yalipukutika mitini. Kilima cha Michongoma akakabidhiwa Nguchiro siku ile ile, yeye na wanawe na mzizi wao, na mnyama yeyote aliyeumwa na nyoka akawa anapanda pale kutibiwa bure.

Likabaki jambo moja. Kwenye mfumo, mtafiti mkuu bado alikuwa Kiboko. Wakajaribu kulifuta jina lake, halifutiki. Wakaita mafundi, halifutiki. Mzee Tembo akasikitika sana.

"Bi Nguchiro, watakaokuja watasoma jina la huyu mwizi. Tufanyeje?"

"Mzee wangu, tuliache. Ila naomba niongeze kisanduku kimoja chini yake."

"Kitajijaza Kiboko tena!"

"Hapana. Vinavyojijaza ni visanduku vya majina. Hiki ni cha maelezo."

Ta-ta-ta, ti! Kisanduku kikatoka, kitupu, cheupe. Akaandika neno moja. Na hivi leo ukiufungua mfumo wa chuo kile, ukatafuta utafiti wa mzizi, utakuta:

Mtafiti mkuu: Kiboko.

Maelezo: Alikimbia.

Ndiyo maana Kiboko mchana kutwa yumo majini, ametoa macho na matundu ya pua tu. Anaangalia kama Swila ameondoka. Majani anakula gizani, haraka haraka.

Na funzo lake? Eh, hadithi bila funzo mtanidai. Funzo ni hili: watoto, mtiini mkubwa wenu. Nguchiro hakugoma, hakutukana, na alipiga goti. Aliambiwa vyote, akampa vyote, hakumpunguzia hata kimoja. Mfanyakazi mtiifu kama huyo mtampata wapi?

Mimi nimehifadhi, nimefunga. Kama hadithi ilikuwa tamu, mtunzi wake jazeni jina langu. Kama ilikuwa chungu, andikeni Kiboko.