Sultani Aliyengojea Tone la Mvua

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi kuliko miavuli, alikuwako Sultani Hafidhi, mwenye mashamba ya karafuu kisiwani. Mbele ya jumba lake palikuwa na sakafu pana, na karafuu zake zote zikianikwa hapo juu ya majamvi. Na karafuu, mwenzangu, haitaki mchezo: ikirowa kabla ya kukauka huvunda, na jasho la msimu mzima likaenda bure.

Basi palikuwa na fukara mmoja jina lake Shaame, ambaye kazi yake ilikuwa kulala chali pembeni mwa sakafu akitazama mawingu. Akiona mvua inakuja hupiga ukelele, "Anuaa!" Na desturi ya mji ule ilikuwa kwamba kila asikiaye ukelele huo huja mbio kusaidia kuanua, hata kama karafuu ni za hasimu yake waliyenuniana naye tangu Ramadhani. Kazi hiyo ndiyo iliyomlisha Shaame na mkewe Bi Mize, katika kibanda kilichovuja kila pembe.

Ikawa siku moja mawingu yana kiherehere. Shaame akaita, watu wakaanua, jua likatoka. Wakaanika tena, akaita tena, jua likatoka tena. Sultani alikuwa amekula pilau akajinyoosha, na kelele zile zikamwamsha kila aliposinzia. Akamwita Shaame.

"Ewe mvivu," akasema, "wewe unalala mchana kutwa, na mimi mwenye mji sipati hata lepe la usingizi. Tangu leo, mvua haitakuwa mvua mpaka tone lake linidondokee mimi, nami niseme anueni. Atakayeanua kabla ya hapo ana kosa. Na karafuu zikirowa, hata chembe, wewe na mkeo mtahama kisiwa hiki."

"Nimesikia, bwana wangu. Tone likudondokee wewe kwanza."

"Ndivyo. Au masikio yako nayo yamelala?"

Bi Mize alipoelezwa alilia sana, maana hakuwa na ndugu ng'ambo, akaanza kufunga vyungu vyake. Shaame akamwambia, "Vifungue, mke wangu. Kesho tutapikia hapa hapa."

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, mbingu ikawa nyeusi upande wa kilimani, na mvua ya mji ule huteremka kutoka huko. Sultani alikuwa amelala fofofo. Shaame akawaendea walinzi wa jumba.

"Sultani ameamrisha tone limdondokee yeye," akasema. "Sasa huko ndani, chini ya dari, litampataje? Au ninyi mnaipinga amri?"

Walinzi wakatazamana. Basi wakakishika kitanda kwa miguu yake, Sultani akikoroma juu yake, wakakitua nje, mwisho wa sakafu, upande wa kilima. Na watu wote wakachuchumaa wameshika pembe za majamvi, kwa kuwa kushika hakukukatazwa.

Mvua ikateremka. Tone la kwanza likampiga Sultani puani, na lililofuata likamwingia kinywani.

"Mvua!" akapiga ukelele. "Anueni! Anueni!"

Mara majamvi yakakunjwa, karafuu zikaingia ghalani kavu kabisa. Sultani akabaki peke yake kitandani, kofia imemshukia machoni, godoro limenyonya maji.

"Shaame," akasema huku akitetemeka, "nani aliyenileta hapa?"

"Amri yako, bwana wangu."

"Na karafuu?"

"Kavu, bwana."

"Na mimi, mbona hamkunianua?"

"Tulikuwa tukingoja useme."

Sultani alitaka kukasirika, lakini walinzi wake walikwisha kugeukia ukutani, mabega yakitikisika. Akaona aibu, kisha kicheko kikamshinda, akacheka mpaka akashika mbavu. Akaamuru Shaame arudishiwe kazi yake, na kibanda chake kiezekwe makuti mapya, Bi Mize asilale tena akikinga matone kwa vyungu.

Siku chache baadaye kiwingu kimoja kikapita juu ya jumba. Sultani akatoka mbio, kiatu kimoja mguuni, akiita, "Anueni! Anueni!"

Shaame akamtazama kutoka pale alipolala chali.

"Rudi ukalale, bwana wangu," akasema. "Hicho kinapita."