Barua ya Bosi Aliyeridhika

"Asiyewahi kuajiriwa atoe wapi uzoefu?" Tunu aliuliza kwenye maonyesho ya ajira chuoni. Watu wakacheka tu. Meneja Lutashobya, aliyegawa nafasi za mafunzo kazini, alimnyima: "Lete kwanza barua ya bosi aliyeridhika na kazi yako, binti!"

"Haya, bosi. Lakini kwa foleni hii ndefu, njaa itakuua. Nenda kanywe chai, nikushikie meza."

Lutashobya akaenda. Aliporudi, alikuta foleni imekwisha na maombi mia mbili yamepangwa kozi kwa kozi.

"Aisee! Kazi safi!"

"Maneno ya mdomo huliwa na upepo, bosi. Yaandike."

Lutashobya akaandika sifa kedekede, akagonga na muhuri wa kampuni. Tunu akaipuliza karatasi ikauke, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Barua ya bosi hiyo. Naomba nafasi yangu."