Mama Aliyeshinda Hoja

Alikuwepo mama mmoja mjane, na mali yake yote ilikuwa ploti ya vyumba kumi na viwili, safu mbili zinazotazamana, kamba za nguo katikati. Aliijenga kwa kuuza kabichi miaka ishirini, chumba baada ya chumba, akibeba kichwani maji ya kuchanganyia simiti. Kwa hiyo msimwone mwovu upesi.

Siku hizo kulikuwa na mswada. Ulisema mwenye nyumba asimtoe mpangaji bila notisi ya miezi miwili, wala asing'oe mlango wala kuezua paa, mpaka baraza limsikilize mpangaji kwanza. Wenye nyumba wa mtaa ule wakakutana, wakalalamika hadi chai ikapoa. Mmoja alisimulia habari za mpangaji aliyehama na sinki. Mwingine alikuwa na mpangaji ambaye kila akibishiwa hodi anataja wakili. Hofu zao zilikuwa za kweli, tusidanganyane. Wakamchagua yule mama akawasemee Jumatatu mbele ya kamati ya kukusanya maoni, maana alijua kupanga maneno.

Jumamosi asubuhi akaenda chumba cha saba. Aliyepanga humo alikuwa fundi wa nguo, msichana mwenye mtoto wa miezi minane, na kodi ilikuwa imemshinda tangu cherehani iharibike. Mama hakupiga kelele. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuja na bisibisi, akafungua bawaba moja moja, akaubeba mlango hadi sebuleni kwake, akauegemeza ukutani nyuma ya kochi. Yule fundi akamfuata, mtoto mgongoni.

"Mama, mtoto anakohoa, na usiku kuna baridi. Niachie mlango hata wiki moja tu, halafu nitahama mwenyewe."

"Mwanangu, kwani nimekufukuza? Chumba si kile pale? Ingia ulale. Mimi nimechukua mlango wangu tu."

Mnasikia? Hoja hiyo haina tundu hata moja. Tundu lilibaki chumba cha saba, refu kumzidi mtu, limezibwa kwa leso.

Baada ya chakula cha mchana mama akaketi kwenye kochi na karatasi yake, afanye mazoezi ya kusema. Jua likaingia dirishani likamlalia magotini kama paka. Usingizi ukamchukua.

Akajiona ndani ya ukumbi mweupe usio na kuta, upepo ukipita taratibu kama mtu anayekunja mashuka. Kamati ilikuwa imekwisha kuketi. Mwenyekiti wake alikuwa mpole, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemjua tangu utotoni ila jina limempotea. Mama akasema, na hajapata kusema vizuri namna ile. Alisema aliyejenga ndiye mwenye neno la mwisho. Alisema notisi ni kumdekeza mpangaji, na kusikilizwa ni hisani, si haki. Kila neno lilielea kidogo, likatua mezani kama unyoya, na karani akaliokota, akaliandika.

"Umetushinda, mama," mwenyekiti akasema. "Aliyejenga ndiye mwenye neno la mwisho. Tumemuuliza, naye ameridhia."

"Mmemuuliza nani? Aliyejenga si ni mimi?"

"Wewe ulijenga vyumba kumi na viwili. Sisi tunazungumza juu ya hiyo pumzi unayosemea."

Akahisi kitu kinafunguliwa kifuani, polepole, bila kelele, bawaba moja moja. Akaomba miezi miwili. Akaomba wiki. Karani akarudi nyuma kurasa chache, akamwambia kwa adabu kwamba notisi ilikwisha kukataliwa, na aliyeikataa ni yeye. Akauliza, kwa sauti iliyokuwa inamwisha, kama angalau wangemsikiliza. Mwenyekiti akamtazama kwa huruma nyingi, akamwashiria karani afunge kitabu.

Mama akaamka.

Sasa mnangoja niseme aliurudisha mlango, sivyo? Hakuurudisha. Alijishika kifua, akausikia moyo wake unapiga, akasema, "Asante Mungu, kumbe ni ndoto tu." Jumatatu akaenda akasema yale yale, na ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Jumanne mtoto wa chumba cha saba akalazwa kwa nimonia.

Ndugu zangu, najua tulivyomkasirikia. Sisi hatuna ploti. Wengi wetu hata kodi ya mwezi huu hatujui itatoka wapi. Tulimhukumu tangu bisibisi ilipotajwa. Lakini ni mara ngapi Mungu ametuonyesha jambo waziwazi, tukatetemeka, kisha tukafurahi kwamba limepita? Tuliugua tukaapa, tukapona tukasahau. Yuko mtu tuliyemtoa moyoni bila kumsikiliza, na tukiulizwa tuna hoja nzuri sana, tumezifanyia mazoezi. Yule mama alidhani rehema ni kuamka. Rehema ilikuwa ile hofu, nayo akaifukuza kwa shukrani!

Na Mungu, ambaye angeweza kututoa asubuhi ya leo, ametuacha tukae.

Punde tutasema amina, tutakunja viti, tutatoka juani. Je, tutakuwa tumeamka, au tutashukuru tu kwamba mahubiri yamekwisha?